WAMECHUJA AU WAMEKUA? Kesi ya CD iliyotaka kuvunja uchumba wangu

Kama una rafiki Mpare, basi utani huu umeshamtupia: Mpare yuko radhi auze ng'ombe apate hela ya kuendeshea kesi ya kuku. Sisi wenyewe tunacheka, halafu tunaendelea na kesi. Jambo lisipotuingia akilini, kunyamaza hatujui. Januari 1945 wazee wetu walishuka milimani kwa maelfu wakaja kupiga kambi hapa Same kuipinga kodi ya mbiru mbele ya serikali ya mkoloni. Hiyo ilikuwa kesi ya maana. Ya kwangu mimi ilikuwa kesi ya CD.

Usicheke, mpenzi msomaji. Karibu inigharimu mume.

PENZI LA KWANZA

Mwaka 2008 nilikuwa na kiduka changu cha steshenari karibu na stendi ya Same. Nilikuwa natoa kopi, nachapa barua za maombi ya kazi, na ndiyo, nilikuwa nachoma CD. Msinihukumu, enzi zile kila mwenye kompyuta alichoma. Mchumba wangu alikuwa Nairobi, anauza spea kwenye duka la baba yake mdogo. Kila Desemba, msimu ambao mabasi yanajaa watu wa kwetu wanaorudi kuhesabiwa nyumbani, na yeye alikuja kupitia Namanga na begi lake la zawadi.

Desemba hiyo zawadi ilikuwa CD. Just A Band, vijana wa Nairobi walioanza muziki wao mwaka 2003: Bill Sellanga ambaye wengi wanamjua kama Blinky Bill, Dan Muli, Jim Chuchu na Mbithi Masya. Albamu yao ya kwanza, Scratch to Reveal, ilikuwa imetoka mwaka huo huo. Watu waliwaweka kwenye fungu la muziki mbadala, ule usiofuata mkumbo. Ulikuta humo hausi, funk, disko la zamani na sauti za kompyuta, Kiingereza na Kiswahili vikipishana.

Nilizimia. Kuna wimbo unaitwa "Iwinyo Piny", wa Kijaluo, uliotolewa na video ya katuni. Mimi Mpare, mwenzangu Mpare, Kijaluo hatukijui hata cha kuombea maji. Lakini jioni tukifunga duka tuliuweka, tukakaa kwenye benchi tukiangalia jua likizama upande wa nyika, na tulijiona kama sisi ndio tuliotungiwa. Aliporudi Nairobi aliniachia CD. Kila nilipomkumbuka niliiweka. Ilichakaa mpaka ikaanza kurukaruka.

Naeleza haya ili uelewe: ile CD haikuwa muziki tu. Ilikuwa ni yeye.

82 YAINGIA SAME

Pasaka ya 2010 mwenzangu akaja na albamu ya pili, 82, iliyotoka mwaka 2009. Alikuwa na furaha kama mtoto. Hata soda sijammiminia, kaiweka.

Nilisikiliza wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikasubiri ule utamu. Haukuja. Niliona mashine nyingi, vionjo vingi, na wale watu wangu wa kwenye benchi siwaoni. Nikasema neno ambalo sisi Wabongo tunalitoa haraka kuliko shikamoo: "Wamechuja."

Akazima redio. Akaniangalia kama nimemtukania mama yake.

"Hujasikiliza."

"Nimesikiliza. Wamebadilika."

"Kwani kubadilika ni kosa?"

Hapo ndipo nilipomtazama vizuri. Nywele kazifuga. Viatu vya rangi. Na maneno mapya: kuediti, kamera, sauti. Alinigusia kwamba Nairobi kuna chuo kinafundisha mambo ya video, nikachukulia ni stori za vijiweni. Spea ndiyo ilikuwa kazi. Spea ndiyo iliyokuwa inalipa mahari, na wazee wake walikuwa wameshapanga kupanda Mamba kwa wazazi wangu mwezi wa nane.

Aliondoka bila kuniaga vizuri. Ikafuata wiki ya meseji za kununiana. Akiandika "poa" na mimi naandika "poa". Mnaojua mapenzi ya mbali mnaijua hiyo "poa", inauma kuliko tusi.

MASHAHIDI WANGU

Mpare akinuna hutafuta mashahidi. Nikaamua kuiweka 82 dukani wiki nzima na kumuuliza kila anayeingia. Nilitaka nimpigie simu nimwambie: mji mzima uko upande wangu.

Wa kwanza alikuwa kijana wa bodaboda aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho. Ulipofika wimbo "Ha-He" akasimama mlangoni na kopi yake mkononi hadi ukaisha. "Dada, hii ni ya sinema? Nichomee." Nikamuuliza na nyingine je? "Hizo baki nazo." Nusu kura.

Wakaja mabinti wa kidato cha nne. Wao walidata na "Usinibore". Kwanza jina lenyewe: wiki ile walimu wa shule yao walikoma, maana kila binti akiulizwa kazi ya nyumbani analitaja hilo jina kwa sauti ya chini. Nilipowawekea albamu ya kwanza kulinganisha, mmoja akasema hiyo ni ya watu wazima. Nilikuwa na miaka 26!

Mama mmoja muuza tangawizi, aliyeshuka na magunia kutoka Mamba Miamba, alisikiliza huku anahesabu hela zake. Akasema hakuna hata wimbo mmoja wa kulilia. Yeye kwake muziki ni Lady Jaydee na ile albamu ya Machozi. "Mtu akiimba nisipomkumbuka aliyeniumiza, huyo ananipigia kelele."

Shangazi yangu niliyekuwa nakaa kwake ni Msabato wa kweli kweli. Usabato Upareni umeingia tangu 1903, na kwa shangazi Ijumaa jua likizama redio inazimwa, hakuna mjadala. Siku ya Jumatano nilimbahatisha. Akasikiliza nyimbo mbili na mikono kiunoni. "Wale wa mwanzo walikuwa wanaimba. Hawa wanapiga." Kura yangu hiyo! Lakini kesho yake asubuhi nikamsikia anachambua maharage ya makande huku anaguna mdundo ule ule. Nilipochungulia akaacha.

Mjomba wangu ndiye alikataa hata kusikiliza. Alisoma jina kwenye gamba akalirudisha mezani. Mwaka 1982 alikuwa Nairobi kwenye vibarua, na tarehe 1 Agosti asubuhi akasikia redioni kwamba serikali imepinduliwa. Jaribio lile la wanajeshi wa anga lilizimwa haraka, na kiongozi wao Hezekiah Ochuka akakimbilia huku kwetu Tanzania kwa ndege. Baadaye alirudishwa Kenya, akanyongwa 1987. "Siku zile nimelala chini ya kitanda, mwanangu. Namba hiyo siyo ya kuchezea ngoma." Nikamwambia labda vijana wana maana yao nyingine. "Wawe nayo. Mimi nina yangu."

Shahidi wa mwisho alikuwa mwalimu mmoja wa sekondari, mtu wa vitabu na wa rock, ambaye watoto walimshangaa kwa kusikiliza magitaa ya Wazungu. Huyu ndiye aliyenivuruga. Akaniambia: "Kesi yako siyo mpya. Umewahi kuwasikia Radiohead wa Uingereza?" Sikuwahi. Akanieleza kwamba mwaka 1997 walitoa OK Computer, dunia nzima ikapiga magoti. Watu wakasubiri nyingine kama ile. Mwaka 2000 wakaja na Kid A, magitaa yaliyowapa jina wameyaweka pembeni, wamejaza mashine. Wengine walikasirika kabisa. Leo hiyo hiyo Kid A inatajwa kati ya albamu kubwa za miaka ile. Weezer wa Marekani nao albamu yao ya pili, Pinkerton ya 1996, ilipondwa vibaya, na miaka ilipopita walioiponda wakairudia kwa mapenzi.

"Kwa hiyo nimekosea?" nikamuuliza.

"Sijasema hivyo. Kuna albamu za pili ambazo ni mbovu tu, na zitabaki mbovu. Ninachosema, unahukumu upesi. Albamu ya kwanza mtu ameiandika maisha yake yote. Hawa walianza 2003, wakatoa 2008. Hiyo ni miaka mitano ya kuchagua kilicho kitamu. Ya pili wametoa mwaka mmoja baadaye. Unategemea wawe watu wale wale?"

Nilifunga daftari langu. Walioipenda na walioichukia walikuwa wanakaribiana, na kila mmoja alikuwa ameniambia habari zake mwenyewe kuliko habari za bendi. Bodaboda alitaka ushujaa, mabinti walitaka kujibu walimu, mama wa tangawizi alitaka kulia, mjomba alikuwa bado yuko chini ya kitanda cha 1982.

Na mimi nilitaka benchi langu la Desemba 2008 lirudi.

MAKMENDE

Siku hizo hizo Kenya ilikuwa imeshikwa na homa ya Makmende. Video ya "Ha-He" ilikuwa imetoka Machi 2010, na ndani yake kuna shujaa wa mtindo wa sinema za zamani, kitambaa kichwani, anawachapa wahuni waliomteka msichana. Jina lenyewe ni la mitaa ya Nairobi: watoto wa zamani walimsikia Clint Eastwood kwenye filamu akiwachokoza wabaya wake kwa Kiingereza, wakalikunja neno likawa Makmende, yaani mtu anayejifanya yeye ndiye staringi. Mitandaoni watu wakatunga utani kwa mamia kuhusu nguvu zake. Hadi CNN na Wall Street Journal wakaandika.

Niliifuata intaneti kafe. Kwa spidi ya Same ya wakati ule, video ya dakika chache niliiangalia karibu saa nzima, inasimama, inaenda, inasimama. Na nilicheka peke yangu mpaka mwenye kafe akaja kuangalia. Nikakumbuka kwamba hata ile ya kwanza niliipendea utundu wao, zile katuni na ule ubishi. Utundu ulikuwa pale pale. Mimi ndiye niliyekuwa nimenuna.

Nikataka kumpigia simu mwenzangu. Kiburi kikanizuia. Nikatuma "poa".

KWENYE KONA ZA MBAGA

Mwezi wa nane ukafika. Siku moja kabla wazee wake hawajapanda, yeye na mimi tulitangulia na pikapu ya kuazima, tumebeba mchele, sukari na kreti za soda. Tulitoka Same asubuhi, joto limeshaanza. Tukapita Mwembe, tukaanza kupanda Mbaga. Anayeijua barabara ile anajua: upande mmoja mlima, upande mwingine mawingu, na dereva haruhusiwi kununa.

Yeye alinuna. Akaweka 82. Nikanyoosha mkono kuitoa. Hakunizuia. Akasema taratibu, macho barabarani:

"Siyo CD unayoichukia. Ni mimi."

Sikujibu. Mbele kidogo injini ikachemka, tukasimama ipoe. Ubaridi wa juu ulikuwa umeanza na ukungu unatambaa kwenye migomba. Tukakaa nyuma ya pikapu juu ya magunia ya mchele. Akaniambia nifanye jambo moja: niisikilize kama sijawahi kuwasikia hawa watu. Kama bendi ngeni. Ikiisha, nimwambie ninavyotaka.

Nilisikiliza yote, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa mara ya kwanza. Ndiyo, mpenzi msomaji: nilikuwa nimeipeleka albamu mahakamani, nimeita mashahidi mji mzima, na mwenyewe sijaimaliza!

Nilipenda nyimbo mbili sana. Nyingine tatu niliona zinapita. Zilizobaki sikuzipenda, na nilimwambia hivyo. Ajabu ni kwamba hakukasirika. Alicheka. Akasema yeye mwenyewe kuna wimbo anauruka.

Basi nikamuuliza lile nililokuwa naliogopa. "Hicho chuo cha video. Ni kweli?"

Ilikuwa kweli. Alikuwa ameshalipa nusu ya ada. Duka la spea ataliacha Desemba. Hakuniambia kwa sababu alijua nitasema neno gani.

"Umebadilika," nikasema.

"Unaona?"

"Ngoja nimalize. Umebadilika, na umenificha. La kwanza nalizoea. La pili sitaki kulisikia tena." Nikamuuliza ada ni kiasi gani, atakula nini, mimi nitakaa wapi, akishindwa je. Tuliongea pale mpaka injini ikawa baridi kuliko sisi. Hatukumaliza yote. Lakini kwa mara ya kwanza tangu Pasaka nilikuwa naongea na yeye, siyo na yule wa Desemba 2008.

SWALI LA BABA

Kesho yake wazee wake wakafika. Makande yakaliwa, salamu zikaenda, mbuzi wakatajwa. Baba yangu, mtu wa maneno machache, akamgeukia mkwe mtarajiwa. "Kijana, kazi yako Nairobi inaendeleaje?"

Angeweza kusema "inaendelea vizuri, mzee" na mambo yakaisha. Alisimama. Akasema anauza spea mpaka Desemba, halafu anaingia chuoni kujifunza kupiga na kuhariri video.

Kimya. Baba yake mdogo, mwenye duka, akakohoa kikohozi kirefu. Mjomba akaangalia dari. Mzee mmoja akauliza video ni kazi au ni starehe. Baba hakumjibu. Akaniita kutoka jikoni, kama desturi, ili niulizwe kama namfahamu mgeni na kama wapokee walichokuja nacho. Ila akaongeza swali ambalo halikuwa la desturi.

"Haya ya video unayajua?"

Magoti yalikuwa yanatetemeka. Nikasema, "Nayajua, baba. Ameniambia mwenyewe. Sijui kama yataenda vizuri. Lakini namfahamu. Pokeeni."

Wakapokea.

NA LEO?

Tulifunga ndoa Desemba 2011. Mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu, siwezi kuwapamba. Kuna miezi kiduka changu ndicho kilichotulisha wawili. Leo mwenzangu anapiga video za harusi na vipaimara kuanzia Same mpaka Moshi, na mjomba wa 1982 ndiye mteja aliyelalamika kuliko wote. Kapewa punguzo, bado analalamika.

Just A Band nao walitoa albamu ya tatu mwaka 2012, wakaiita Sorry for the Delay, yaani wanaomba radhi kwa kuchelewa. Baadaye kila mmoja akaendelea na yake. Mbithi Masya aliongoza filamu ya Kati Kati iliyotoka 2016 na kupewa tuzo ya wahakiki kwenye tamasha la filamu la Toronto mwaka huo. Jim Chuchu naye akaingia kwenye filamu na sanaa. Blinky Bill alitoa albamu yake mwenyewe 2018. Ukiwaangalia leo unaona ile albamu ya pili ilikuwa ni watu walio njiani kuelekea huko. Sisi wasikilizaji tulitaka wasimame stendi watusubiri.

Je, 82 ni nzuri kuliko Scratch to Reveal? Nyumbani kwetu kesi haijaisha. Yeye anasema ndiyo, mimi nasema hapana, na binti yetu anasema zote za kizamani.

Ila nimejifunza kitu kimoja, nakuachia na wewe. Mtu wako akija na albamu ya pili, iwe ni kazi mpya, tabia mpya, au ndoto ambayo haikuwepo mlipoanza, una haki ya kutoipenda. Sema usichokipenda, wimbo kwa wimbo. Uliza ada ni kiasi gani. Na kama kweli ni kimeo, kimeo hakigeuki kuwa dhahabu kwa sababu ya mapenzi, kiache. Lakini kabla hujatamka "umechuja", isikilize hadi mwisho. Mimi karibu nimwache mume wangu kwenye wimbo wa tatu.